Dome Ndani, Chumvi Nje: Namna ya Kumlisha Konokono wa Kufuga

Mama yangu alipoiona ndoo ya konokono uani kwetu Wete, kisiwani Pemba, aliuliza swali moja: "Mwanangu, watu hufuga kuku, hufuga mbuzi. Hawa nao ni wa nini?" Sikuwa na jibu. Kwetu hawaliwi, hawalindi nyumba, na hata ukimwita mmoja kwa jina hageuki. Mpwa wangu wa darasa la tano aliwaokota watatu migombani wakati wa masika, akawatia kwenye ndoo pamoja na kipande cha jani la mgomba, akaniambia, "Mjomba, niangalizie," kisha akaenda zake skuli. Mwaka wa tatu huu bado naangalia.

Makosa nimeyafanya mengi, na karibu yote yalikuwa ya chakula. Nilidhani kazi ni kumshibisha. Kumbe konokono kushiba si tatizo, maana hata ganda la boga linamtosha. Kinachomtesha konokono anayefugwa visiwani ni vitu viwili: chumvi, ambayo imo kila mahali bila wewe kuiona, na uhaba wa madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo matofali ya gamba lake. Bahari yetu inaleta yote mawili, sumu na dawa. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga hivyo: kwanza tunaitoa chumvi, pili tunaingiza mfupa wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, mboga zinafuata baadaye.

Hatua ya 1: Mjue unayemlisha

Yule konokono mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye mistari, anayejaa mashambani mvua zikianza, kitaalamu anaitwa Lissachatina fulica. Asili yake ni pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Sisi tunampita tu njiani, lakini duniani ana sifa kubwa, nzuri na mbaya. Uingereza watu humfuga ndani ya nyumba na kumnunulia vifaa vya umeme vya kumpasha joto. Marekani ni marufuku, na wana sababu: mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Florida kutoka Hawaii na konokono watatu, bibi yake akawaachia bustanini, na kuwamaliza kukachukua karibu miaka 10 na takriban dola milioni moja. Kwa hiyo ukiwa na ndugu ughaibuni anayekuomba umpelekee mayai mawili matatu, mwambie hapana.

Konokono hana meno kama yetu. Ana ulimi mgumu mfano wa tupa, wenye vijino vidogo maelfu kwa maelfu, na chakula hakitafuni bali hukikwangua. Usiku nyumba ikiwa kimya utausikia ule mkwaruzo: krr, krr, krr. Pembe zake ndefu za juu ndizo zenye macho, lakini macho yenyewe hayaoni mengi. Chakula anakitafuta kwa harufu, na zile pembe fupi za chini ndizo zinazoonja na kunusa ardhi anapokwenda. Ndiyo maana hana haja ya chakula kizuri cha kutazama. Anataka chenye harufu, kilaini, kilicho karibu.

Okota aina moja tu. Afrika Mashariki ina pia konokono wadogo wala nyama ambao chakula chao ni konokono wenzao, kwa hiyo ukimpata usiyemjua usimchanganye ndoo moja na wako. Na msitu wa Ngezi ni hifadhi, viumbe vyake viachwe hukohuko. Migombani kwako wapo wa kukutosha.

Hatua ya 2: Toa chumvi, na si ile ya kwenye kopo tu

Kila mtoto wa Kiswahili anajua kwamba konokono ukimmwagia chumvi anatoa povu na kufa. Chumvi huvuta maji kutoka mwilini mwake kupitia ngozi, na ngozi hiyo haina kizuizi. Lakini sikujua kwamba mtu anaweza kumwekea chumvi kidogo kidogo kwa nia njema.

Wa kwanza kufa nilimuua kwa dagaa. Nilisoma kwamba konokono anahitaji protini, nikaona kuna jambo gani, dagaa kavu wapo jikoni. Nikawaponda vizuri, nikanyunyizia juu ya tango. Asubuhi mmoja alikuwa amejikunyata ndani kabisa ya gamba, mdomo umejaa povu la rangi ya njano. Siku ya pili hakuwepo tena. Dagaa wetu wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na mimi niliyekulia hapa nilikuwa najua hivyo tangu utotoni. Sikuliunganisha tu.

Kwa hiyo pita nyumba nzima kwa jicho hilo.

Matandiko. Wengi hushauri kutandika usumba wa nazi chini ya chombo, na ni ushauri mzuri kwa kuwa unashika unyevu bila kutota. Lakini makumbi yakiwa yamezikwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, yamekunywa maji ya bahari miezi na miezi. Hayo waachie wasokota kamba. Chukua kumbi bichi la nazi uliyoifua mwenyewe, lichambue kwa mkono, lioshe. Au tumia udongo wa shamba, ule mweusi wa chini ya migomba, ambao haukutiwa mbolea ya dukani. Mchanga wa pwani usiutie hata kwa mapambo.

Maji. Visima vya karibu na bahari vingi ni vya maji ya chumvichumvi, ambayo sisi tunayazoea lakini konokono hayazoei. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, kwani yakiwa yametiwa klorini hupungua makali.

Mabaki ya mezani. Hapa watoto ndio wa kuangaliwa, na Ramadhani ndio mwezi wa hatari zaidi. Mtoto akifuturu anaona huruma, anamchukulia konokono kipande cha muhogo wa nazi, kachori, boko boko. Vyote vina chumvi. Nyumbani kwetu sheria ni moja: kilichopita jikoni hakifiki kwenye ndoo, isipokuwa nimekichemsha mimi, peke yake, kwa maji matupu.

Mikono yako. Ukitoka kupara samaki au kukaanga, nawa vizuri kabla ya kumshika.

Nikiwa hapohapo kwenye sumu niongeze mbili tatu ambazo si chumvi. Shaba ni adui wa konokono, kwa hiyo usimtilie maji kwenye chombo cha shaba, na tungule (nyanya) zenye vumbi la bluu la dawa ya ukungu ziogope, kwani dawa nyingi za aina hiyo zina shaba. Makonyo ya karafuu, ambayo Pemba yamejaa kila kiambo msimu wa uchumaji, usiyatandike: mafuta yake ni makali. Na ukitaka kufunika chombo kwa wavu, usikate chandarua chenye dawa ya mbu. Kitambaa cha kanga iliyochakaa kinatosha, kimefungwa kwa mpira.

Hatua ya 3: Ingiza dome

Dome akishapasuliwa, ndani ya mgongo wake mna kipande cheupe, chepesi, mfano wa kasia dogo. Wapishi hukitupa. Mawimbi pia hukileta pwani, na mimi nimeokota vingi Vumawimbi baada ya upepo. Kipande hicho sehemu yake kubwa ni madini ya kalsiamu, na upande wake mmoja ni laini kiasi kwamba ukucha wako unauchimba. Kwa ulimi wa konokono ni kama andazi.

Ughaibuni watu wanakinunua dukani kimefungwa kwenye karatasi. Wewe nenda Tumbe au soko lolote la samaki saa za asubuhi, mwambie anayesafisha dome akuwekee mifupa. Atakuangalia kwa mashaka, kisha atakupa bure.

Kimetoka baharini, kwa hiyo kina chumvi, na hapa usifanye haraka. Kioshe, uondoe nyama na harufu. Kiloweke kwenye maji baridi siku tatu nzima, ukibadilisha maji asubuhi na jioni. Kwa kuwa kinaelea, kiwekee kijiwe juu. Siku ya tatu kiguse kwa ncha ya ulimi wako: ukisikia chumvi hata kwa mbali, ongeza siku. Ukiona sawa, kianike juani mpaka kikauke kabisa. Kikikauka kinakaa mwaka mzima kwenye kopo bila kuharibika.

Kikate vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, uweke kimoja ndani ya chombo, upande laini juu. Usikiondoe. Chakula kingine hubadilishwa kila siku, lakini hiki kinakaa humo usiku na mchana mpaka kiishe. Konokono mwenyewe anajua kiasi anachotaka. Wiki mbili anaweza asikiguse, kisha usiku mmoja akakilalia mpaka asubuhi na kuacha mifereji kama ya panya kwenye sabuni.

Huna dome? Maganda ya mayai. Yaoshe, ondoa ule utando wa ndani kama unaweza, yakaushe juani, kisha yatwange kwenye kinu mpaka yawe unga na uyachekeche. Unga huo nyunyizia kidogo juu ya mboga mbichi, mara mbili tatu kwa wiki, na mwingine weka kwenye kifuniko cha chupa. Hakikisha mayai hayo hayakuchemshwa kwenye maji ya chumvi. Nalisema hili kwa sababu mke wangu huyachemsha hivyo ili yasipasuke, na nilishakosea.

Mtu mmoja aliwahi kuniuliza, kwa nini nisimpe chokaa tu, si kalsiamu hiyohiyo? Tena ni kweli kwamba utawakuta konokono wamebandika kwenye kuta za zamani zilizopakwa chokaa wakikwangua, na kule Florida hula hata plasta ya nyumba za watu. Tofauti iko hapa. Chokaa iliyotoka tanuuni karibuni ni kali, inaunguza mkono wako mkavu, seuze ngozi yenye majimaji kama ya konokono. Ile ya ukutani imekaa hewani miaka, imerudi kuwa jiwe, haina makali tena. Mimi sitaki kukisia ipi imepoa na ipi bado, kwa hiyo ya mfukoni siigusi kabisa.

Utajuaje kuwa kalsiamu haitoshi? Tazama ukingo wa gamba, pale linapofungukia. Hapo ndipo linapokua. Kwa konokono anayekua ukingo huwa mwembamba na wa rangi hafifu, na hilo ni la kawaida, ndiyo maana usimnyanyue kwa kumshika hapo. Lakini ukiona unavunjikavunjika, au gamba jipya lina mikunjo, au konokono wanapandiana na kukwanguana magamba, wanakuambia kitu. Hasa hilo la mwisho. Wanatafuta kalsiamu mgongoni kwa mwenzao.

Gamba likipasuka kidogo kwa kuanguka hujiziba lenyewe kwa ndani ndani ya wiki chache, alimradi dome ipo na chombo kina unyevu. Usitie gundi.

Hatua ya 4: Mboga za kila siku

Hapa ni rahisi na sokoni Wete huhitaji zaidi ya mia tano mia tano. Wangu hula hivi: matembele, majani ya kunde, boga (nyama na ganda), mung'unye, tango, karoti, kiazi kitamu kibichi kilichokatwa vipande vyembamba, na majani machanga ya mpapai. Kabichi hula, ila hunuka haraka ikilala. Saladi ni maji matupu. Wanaipenda sana lakini haiwajengi, kwa hiyo ninaitoa kama pipi.

Tango nalo lina ujanja wake. Konokono akilizoea anaweza kugoma vingine vyote, akakaa siku nne anakungoja. Mimi sasa nalitoa mara moja kwa wiki, na siku ya boga ni boga.

Mchicha na spinachi toa kwa nadra. Si sumu, lakini zina asidi ya oksaliki ambayo huishika kalsiamu tumboni isiingie mwilini, na sisi hapa tunahangaika kuiingiza. Ukitoa mchicha leo, wiki nzima usiurudie.

Kisamvu kibichi mimi sitoi. Sisi wenyewe tunakitwanga na kukichemsha muda mrefu kwa sababu ya sumu iliyomo. Najua konokono wa porini wanaonekana kwenye mihogo. Yule wa porini ana shamba zima la kuchagua, wa ndooni ana nilichompa mimi tu.

Vya kuacha moja kwa moja: ndimu, malimau, machungwa, ukwaju (maana vitu vikali huchoma ngozi na kula gamba), vitunguu na thomu, pilipili ya aina yoyote, mkate, tambi na wali, ambavyo huvimba tumboni.

Mboga ya sokoni huijui imepuliziwa nini. Ioshe, iloweke nusu saa, ioshe tena. Bora zaidi panda tuta moja la matembele uani. Yanaota yenyewe, na konokono watatu hawalimalizi.

Kiasi? Konokono wawili wakubwa kwangu humaliza kipande cha boga cha ukubwa wa kiberiti na majani matatu ya tembele kwa usiku. Anza na hapo. Asubuhi pakiwa peupe, ongeza. Pakibaki nusu, punguza.

Kitu kimoja kitakushangaza, na watoto hukipenda kupita vyote: kinyesi chake hufuata rangi ya chakula. Akila karoti hutoa cha rangi ya chungwa, akila matembele cha kijani. Na hukitoa karibu na kichwa, kwenye ukingo wa gamba, si nyuma. Usidhani anaumwa.

Hatua ya 5: Matunda

Kidogo, mara mbili kwa wiki. Papai ndilo wanalolipenda zaidi, kisha ndizi mbivu, embe, tikiti, pera. Shelisheli bivu lililoanguka na kupasuka wanalifuata wenyewe. Tunda huchacha usiku mmoja kwa joto letu, kwa hiyo toa kipande cha kuisha.

Hatua ya 6: Protini bila dagaa

Anayekua na anayetaga huhitaji protini kidogo, mara moja kwa wiki. Choroko au kunde zilizochemshwa kwa maji matupu na kupondwa zinafaa. Kiini cha yai la kuchemsha, kiasi cha ukucha, kinafaa. Kamba mdogo mbichi aliyeoshwa na kuchemshwa bila chumvi anafaa pia, lakini harufu yake mama hakuistahimili na mimi nikaacha. Toa jioni, ondoa asubuhi mapema. Kitu kimoja hapa kikilala siku ya pili, utitiri unaingia, na utitiri ukishaingia itakubidi ubadilishe udongo wote.

Hatua ya 7: Saa ya kulisha

Konokono ni kama mfungaji: mchana kajifungia, jua likizama anatoka. Mimi huweka chakula baada ya magharibi. Kwanza nanyunyiza maji kidogo pembeni ya chombo na juu ya udongo, ule unyevu ndio unaomwamsha. Kisha naweka mboga juu ya kigae cha chungu, si juu ya udongo, ili asubuhi nisihangaike kuokota vipande. Maji ya kunywa yako kwenye kifuniko cha kopo, kina kisizidi nusu ya ukucha. Konokono wa nchi kavu huzama.

Baada ya sala ya alfajiri naondoa mabaki. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na hii ndiyo inayoleta nzi wa matunda, ukungu na sisimizi.

Sisimizi wana dawa ya bibi zetu, ileile ya kabati la chakula: weka chombo juu ya kigoda, na kila mguu wa kigoda uusimamishe kwenye kopo lenye maji. Usipulizie dawa ya wadudu karibu. Kinachomuua sisimizi hakimwachi konokono salama.

Kunguru nao hawaaminiki, na panya ni wabaya zaidi, kwa sababu nitakayoitaja punde. Kifuniko kiwe chenye matundu, na kifungwe barabara.

Hatua ya 8: Mikono na watoto

Konokono hawa wanaweza kubeba mnyoo anayeishi kwenye mapafu ya panya. Konokono humpata kwa kula kinyesi cha panya, na binadamu humpata kwa kula konokono mbichi au mboga mbichi iliyopitiwa, na akimpata anaweza kuugua utando wa ubongo. Si jambo la kuchezewa, wala si sababu ya kuwatupa. Nawa kwa sabuni kila ukimaliza, kisu cha mboga zao kiwe chao peke yao, mtoto asimbusu wala asimtembeze usoni kama nilivyoona kwenye simu, na mboga waliyoibakisha usimrudishie mtu wala kuku. Konokono aliyezaliwa ndani ya chombo chako na kula mboga ulizoziosha ni salama zaidi kuliko aliyeokotwa jalalani.

Hatua ya 9: Akikataa kula

Kabla ya kuhangaika, tazama kalenda. Januari na Februari, kaskazi ikikausha kila kitu, konokono hujivuta ndani na kuufunga mlango kwa utando mweupe mkavu mfano wa karatasi. Amelala, hajafa. Akilala hivyo anaweza kukaa wiki nyingi bila kula. Usiuchane utando kwa kidole. Ukitaka aamke, lowesha udongo na umwagie vitone vya maji ya uvuguvugu juu ya gamba. Ndani ya saa moja mbili utaona utando umelegea. Akiamka mpe kwanza kitu chenye maji, tango au tikiti, kesho yake ndipo boga. Wangu sasa hawalali tena kiangazi kwa kuwa nanyunyiza kila jioni, na nadhani ni heri, maana wakilala muda mrefu hukonda.

Akigoma msimu wa mvua, huo ni mgomo wa kweli. Mara nyingi ni udongo mchafu au uliotota. Badilisha udongo, osha chombo kwa maji ya moto bila sabuni, mpe papai. Akiwa amejivuta ndani kabisa na ananuka uvundo mkali, huyo ameshakwenda.

Hatua ya 10: Watoto wake, na mayai usiyoyaomba

Kila konokono ana jinsia zote mbili, na aliyewahi kukutana na mwenzake anaweza kutunza mbegu miezi mingi na kutaga akiwa peke yake. Kwa hiyo siku moja utachimbua udongo ukute mayai meupe mfano wa punje za mtama, 100, 200, hata zaidi. Mpwa wangu alitaka kuyaacha yote. Nilimwambia ahesabu majani ya tembele tuliyonayo, kisha ahesabu mayai.

Tunabakiza matano. Mengine nayachemsha kwenye kopo lao, nayaponda, na narudisha unga wake kwenye kifuniko pamoja na ule wa mayai ya kuku. Maganda yake ni kalsiamu, na mama yao ndiye anayehitaji kuirudisha. Kuyatupa jalalani mazima ni kuwapandia majirani konokono kwenye mchicha wao.

Vifaranga wakitoka, usiyaondoe maganda waliyotokea. Hicho ndicho chakula chao cha kwanza. Siku ya tatu au ya nne wape jani laini la tembele, bila ubua, na unga wa dome uliosagwa kabisa kama poda. Gamba lao ni jembamba kama karatasi ya sigara, kwa hiyo usiwashike kwa vidole, waache wapande jani, uhamishe jani. Maji ya kifunikoni usiwape. Kunyunyiza kunawatosha.

Ukisafiri

Nikienda Unguja siku tatu nne simpi mtu kazi. Nanyunyiza vizuri, naweka vipande vinene vya kiazi kitamu na karoti, ambavyo haviozi haraka, dome inabaki palepale, kifuniko nakifunga kwa kamba. Boga na matunda hayabaki. Ikizidi wiki namwachia mama. Huwanyunyizia kila magharibi huku akilalamika, na mara ya mwisho niliporudi nilikuta ameshawapa majina.